Unataka ofisi kwenye nyumba ya Mji Mkongwe? Anza na paa

Wenye nyumba wanaotaka kufungua ofisi Mji Mkongwe, Zanzibar, huniuliza kwanza viyoyozi vitakaa wapi. Mimi huwapandisha juu ya paa. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unene wake kama nusu mita. Zikikingwa na maji hudumu miaka na miaka. Zikilowa msimu hadi msimu humumunyika kwa ndani, huku usoni zinaonekana nzima. Basi mabati, mifereji na mabomba ya choo yatengenezwe kabla fundi hajashika mwiko.

Michoro ipelekwe mapema Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo usiguse hata dirisha bila kibali.

Saruji nakuomba uisahau. Ukipiga lipu ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma yake, na baada ya muda lipu inabambuka pamoja na vipande vya ukuta. Bandua yote, uache ukuta upumue. Kisha tumia chokaa iliyorowekwa vizuri, sehemu moja kwa tatu za mchanga usio na chumvi. Piga mikono, yaani matabaka, myembamba, na kila mkono uufunike magunia mabichi ukauke taratibu. Fundi mwenye haraka mpe kazi nyingine.

Boriti za mikoko ndizo zinazobeba sakafu za juu, na ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba. Boriti huoza kichwani, pale inapoingia ukutani, mahali ambapo macho hayafiki. Chimbua kidogo, dunga kwa bisibisi: ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, badilisha. Lakini weka mihimili ya muda kwanza, na usitoe boriti nyingi kwa mpigo. Sote tuliona sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la hapa Mji Mkongwe, ikiporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, na watu wakapoteza maisha.

Ukifika kwenye mambo ya ofisi, ifuate nyumba ilivyo. Usijenge ukuta wa matofali ghorofani. Gawa kwa mbao au vioo. Waya zipite juu ya ukuta ndani ya mifereji ya plastiki, usichonge mawe, na vidaka vya zamani, zile rafu zilizochimbwa ukutani, vinafaa sana kwa vifaa vya intaneti. Mashine za nje za viyoyozi zikae ua wa ndani, na bomba la maji yake lifike hadi kwenye mtaro: nimeona kona nzima ya ukuta ikilainika kwa tone la kiyoyozi kimoja. Sefu, betri na makabati ya mafaili viwekwe ghorofa ya chini. Ikilazimu kabati lipande juu, liegemee ukuta unaopokea vichwa vya boriti, lisikae katikati ya chumba.