Jinsi ya Kutambua Kasi na Ufunguo wa Rekodi ya Okestra

Mwanakwaya wa Tabora anayetaka kuchambua rekodi ya okestra hahitaji mitambo ya studio. Saa yenye mshale wa sekunde, kinanda cha kwaya na sikio tulivu vinatosha. Chukua Simfoni ya 5 ya Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808. Usihesabu noti nne za mwanzo, zinazopigwa na ala za nyuzi pamoja na klarineti, kwa kuwa ya mwisho hushikiliwa kwa muda apendao kondakta. Subiri mwendo ukae sawa, hesabu pigo moja kwa kila kipimo (hapa, kila kundi la mapigo mawili) kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 27, kasi ni 108 kwa dakika, ambayo ndiyo aliyoiandika Beethoven mwenyewe, ingawa makondakta wengi huenda polepole zaidi.

Kuhusu ufunguo, yaani noti ya nyumbani ya muziki na aina ya ngazi yake (maina au meja), sikiliza besi inapotua mwishoni mwa sehemu ya kwanza, uiimbe, uitafute kwenye kinanda: ni C. Noti ya tatu ya ngazi inayoanzia hapo ikiwa juu yake kwa nusutoni 3 (nusutoni ni hatua ya kwenda kitufe cha jirani, vyeusi vikihesabiwa), ufunguo ni maina. Zikiwa 4, ni meja. Hapa ni maina, lakini sehemu ya nne huishia katika C meja, badiliko ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi nzima, hivyo andika ufunguo wa kila sehemu peke yake.