Namna ya kupeleka suala la afya ya maji mbele ya wananchi: mafunzo kutoka kura za miji midogo ya Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili

Serikali ya kijiji au kamati ya maji inapotaka kubadilisha maji wanayokunywa watu wote, iwe kwa kuyatia dawa, kuyachuja au kufunga chanzo kilichozoeleka, inagusa kitu ambacho kila mtu anakiingiza mwilini mwake na mwilini mwa mtoto wake. Ndiyo maana mkutano uliodhaniwa ungekuwa wa nusu saa huishia kwa kelele, na mradi uliogharimiwa kwa taabu hukataliwa na watu walewale waliokusudiwa kunufaika. Mwongozo huu ni kwa wenyeviti, watendaji, wajumbe wa kamati za maji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, hasa wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, ambako madini ya floraidi yamezidi kwenye visima na chemchemi nyingi. Umejengwa juu ya historia ya miji midogo ya Marekani iliyopigia kura madini hayohayo baada ya mwaka 1945, kwa sababu makosa yaliyofanyika kule yanaweza kurudiwa hapa bila mtu kukusudia.

Historia hiyo inaanzia kwenye meno ya kahawia kama tunayoyaona Meru na Arumeru. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs akakuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia kwenye meno, na baadaye akatambua kwamba meno hayo, ingawa yana madoa, hayaozi kwa urahisi. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alibaini kwamba kisababishi ni floraidi iliyomo majini. H. Trendley Dean wa idara ya afya ya serikali ya Marekani akaendelea kulinganisha mji na mji, akaona kwamba kiasi cha miligramu 1 hivi kwa lita hupunguza kuoza kwa meno bila kuleta madoa mabaya. Tarehe 25 Januari 1945, vita ikiwa bado haijaisha, mji wa Grand Rapids huko Michigan ulianza kutia floraidi kwenye maji yake, na mji jirani wa Muskegon ukaachwa bila kutiwa ili uwe wa kulinganishia. Baada ya miaka 15, watoto wa Grand Rapids waliozaliwa baada ya zoezi kuanza walikuwa na meno yaliyooza pungufu kwa zaidi ya asilimia 60.

Kwa hiyo wataalamu walikuwa na hoja nzito. Hata hivyo, mwaka 1950 wakazi wa Stevens Point, mji wa Wisconsin wenye watu wapatao 16,000, waliikataa floraidi kwa kura, na wingi wa waliokataa ulikuwa wa wazi. Baraza la mji lilikuwa limekwisha kuamua, na wananchi wengi walilijua jambo lenyewe likiwa tayari limefika kwenye bomba. Wapinzani walikusanya sahihi, wakaandika barua gazetini, wakawakumbusha majirani zao kwamba kemikali hiyo ni sumu ya panya. Kwa kweli sodiamu floraidi ilikuwa ikiuzwa kuulia wadudu na panya, na jibu la kwamba kiasi ndicho kinachotofautisha sumu na dawa lilikuja limechelewa, likiwa limefungwa katika lugha ya kitaalamu. Katika miaka iliyofuata mamia ya miji ilipiga kura ya namna hiyo, na sehemu kubwa ilikataa.

Tambueni kwanza suala lenu linaelekea upande gani

Kule waliongeza floraidi kwenye maji yaliyokuwa na kidogo. Kwetu kaskazini kazi kubwa ni kuipunguza. Tofauti hii ielezwe mwanzoni kabisa, kwa maana mama aliyeona kwenye boksi la dawa ya meno kwamba floraidi huimarisha meno atauliza kwa haki kwa nini leo anaambiwa inaharibu. Mwambieni kwamba madini ni yaleyale na kinachobadilika ni kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Mtoto akizidishiwa kiasi hicho wakati meno yake ya utu uzima yanajijenga ndani ya taya, yaani kabla hajatimiza miaka minane hivi, meno hayo hutoka yakiwa na michirizi myeupe, kisha huwa ya kahawia na hata kumeguka. Na pale kiasi kinapokuwa kikubwa sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika na miguu ya watoto huweza kupinda. Semeni pia kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi: maji yanapopungua sufuriani, yale yanayobaki huwa nayo zaidi. Kaya nyingi zinaamini maji yaliyochemshwa ni salama kwa kila kitu, na imani hiyo haitaondoka kwa kutajwa mara moja.

Pimeni hadharani

Msiite mkutano kabla ya kuwa na vipimo vya vyanzo vyote vinavyotumika, pamoja na kisima cha mtu binafsi na kijito ambacho watu huchota bomba linapokatika. Chukueni sampuli kiangazi na masika, kwa sababu mvua hubadilisha kiasi, na mtumie chupa za plastiki, maana floraidi huathiriana na kioo. Chukueni sampuli hizo mbele ya watu. Mwalikeni mzee mmoja wa kila kitongoji, mama anayechota hapo kila siku, na mtu anayejulikana kwa kupinga. Waone chupa ikisuuzwa kwa maji yaleyale ya chanzo, ikijazwa, ikifungwa na kuandikwa jina la chanzo na tarehe, kisha watie sahihi kwenye daftari. Majibu ya maabara yakirudi, yabandikeni ofisi ya kijiji, msikitini, kanisani na kwenye kituo cha kuchotea maji, kila chanzo na namba yake, na kando yake namba 1.5. Namba ya chanzo kilicho salama nayo ibandikwe, hata kama inapunguza uzito wa hoja yenu, kwa sababu mwananchi akigundua kwamba mlionyesha mabaya peke yake hataamini namba yoyote tena.

Nendeni nyumbani kwa watu kabla ya kuwaita

Hapa ndipo kura hupita au hushindwa, na ndipo ningependa msomaji atumie muda wake mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Stevens Point ilijadiliwa kwa barua na kwa simu, jirani na jirani, wakati wataalamu wakisubiri jukwaa. Fanyeni kinyume chake. Piteni kwa mabalozi na wenyeviti wa vitongoji, kwa viongozi wa dini, kwa wauza maji wa mikokoteni ambao mabadiliko yatagusa kipato chao, na kwa wanawake, ambao ndio wanaojua dumu moja linatumikaje tangu asubuhi hadi usiku. Anzeni na wale mnaodhani watapinga. Wasikilizeni mpaka waishe, mwandike swali lao kwa maneno yao, na mrudi na jibu siku mliyoahidi.

Tuchukue mfano wa chujio la mkaa wa mifupa, njia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha na pia Nakuru nchini Kenya. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa joto kali kwenye tanuri hadi nyama na mafuta yote yaungue, husagwa kuwa chembe, huoshwa, kisha hupangwa ndani ya ndoo au tangi, na maji yanapopita floraidi hushikwa na chembe hizo. Mtaalamu huanza kueleza uwezo wake wa kushika madini. Mzee aliyekaa mbele anataka kujua jambo jingine: ni mifupa ya mnyama gani, nani alimchinja, na kama maji hayo yanafaa kutawadhia. Msilichukue swali hilo kuwa kikwazo au ushamba. Ni swali la mtu anayejiheshimu kuhusu kinachoingia mwilini mwake, na jibu lake linapatikana: taja machinjio mifupa inakotoka, mpeleke imamu na wazee wengine wakaione kazi tangu mwanzo, na mwacheni imamu mwenyewe awajibu waumini wake. Likijibiwa hivyo mapema, litakuwa jambo la kawaida siku ya mkutano. Likizuka kwa mara ya kwanza mbele ya watu mia tatu, mradi mzima utaitwa maji ya mizoga kabla jua halijazama.

Msifiche jambo

Mwaka 1951 Francis Bull, mkuu wa huduma za meno wa jimbo la Wisconsin, aliwashauri wenzake wa majimbo mengine kuchagua maneno kwa uangalifu wanapoinadi floraidi, wasiseme ni majaribio, na kama wangeweza suala lisifike kwenye kura. Nia yake ilikuwa kuwanusuru watoto na maumivu ya meno, na siidharau nia hiyo. Lakini hotuba yake ilipotoka nje, wapinzani waliitumia kwa miaka kama ushahidi kwamba kuna kinachofichwa, na ni vigumu kuwalaumu. Kama chujio lenu ni la majaribio ya miezi sita, semeni ni la majaribio. Kama maji yatabadilika ladha siku za mwanzo, semeni kabla hayajabadilika. Kama kila kaya itachangia kununua mkaa mpya, tajeni kiasi cha fedha mkutano wa kwanza.

Ukweli huo usemwe na kiongozi mwenyewe. Watafiti waliochunguza kura za Marekani waliona kwamba mji ambao meya wake alisimama hadharani kuunga mkono ulikuwa na nafasi bora zaidi ya kukubali, na pale viongozi walipokaa kimya wakiwaachia madaktari peke yao, mashaka yalijaza nafasi. Mwenyekiti wa kijiji asiseme "wataalamu watatueleza" kisha akaketi. Aseme anachoamini na kwa nini, na anywe maji hayo mbele ya watu akiwa anayanywa nyumbani pia.

Siku ya mkutano

Kwa Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na ndio wenye uzito kuliko kikao cha halmashauri ya kijiji. Utangazeni mapema pamoja na ajenda yake, wakati ambao watu hawako mashambani na kwa saa ambayo mwenye mtoto mchanga anaweza kuja. Msiuweke karibu na uchaguzi wa serikali za mitaa, kwa kuwa swali la maji litageuka swali la vyama na halitarudi tena kuwa la maji.

Pigeni kura juu ya swali moja kwa wakati. "Je, tukubali kisima cha shuleni kisitumike tena kwa kunywa na kupikia, ila kwa kufua na mifugo?" ni swali ambalo kila mtu anajua akinyoosha mkono anakubali nini. Mkiunganisha humohumo mchango wa kaya, ujenzi wa kioski na uteuzi wa fundi, aliyechukizwa na kimoja atakataa vyote, na mtu asiyeelewa hukataa kwa sababu kukataa kunamwacha alipo. Mpeni mpinzani muda sawa na mtaalamu, na asikatizwe. Hesabuni mikono kwa sauti, wa upande wa pili wakihakiki, na idadi iandikwe kwenye muhtasari usomwe palepale. Ikiwa uamuzi unahitaji sheria ndogo, waelezeni kwamba itapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa, ili asiwepo atakayedhani mwezi ujao kwamba uamuzi umezimwa.

Wekeni pia njia kwa asiyekubali. Malalamiko yaliyokuwa na haki zaidi katika miji ile yalikuwa ya mtu aliyesema hana bomba jingine. Kwa chujio la nyumbani au kioski kimoja chenye maji yaliyochujwa, hiari inabaki, na wengi hujiunga wanapoona jirani anatumia bila madhara.

Baada ya hesabu

Wananchi wakikataa, muhtasari uandike hivyo na uheshimiwe. Bado kazi ya afya inaendelea bila kura: kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya watoto wadogo na wanawake wanaopika uji wao, kuchota kwenye chanzo chenye floraidi kidogo kwa kunywa tu, na kupunguza magadi jikoni, kwa kuwa magadi yanayotumika kulainisha maharage na makande katika mikoa ya kaskazini yana floraidi nyingi. Suala linaweza kurudi mkutanoni vipimo vipya vikipatikana, si kwa kuwachosha watu hadi wakubali.

Wakikubali, mkabidhini mtu mmoja mwenye jina na malipo kazi ya kupima. Mkaa wa mifupa huchoka. Chembe zikijaa, maji hupita yakiwa safi machoni huku floraidi ikiwa imerudi, na hakuna ladha wala rangi ya kumtahadharisha anayekunywa. Vipimo vya kila mwezi vibandikwe palepale vilipobandikwa vya kwanza, na kioski kifungwe siku kipimo kinapovuka 1.5, hata kama foleni ni ndefu na mkaa mpya bado uko njiani.