Kitunguu chekundu chini ya hadubini: kuona seli ikipoteza maji na kuyarudisha

Nimeandaa jaribio hili mara nyingi katika maabara ya shule, na karibu kila ripoti huishia kwenye sentensi ileile: "Maji yalitoka kwa osmosisi." Ni kweli (osmosisi ni maji kupita kwenye utando mwembamba wa seli kwenda upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka), lakini habari nzito imebaki ndani. Maji yakitoka, vilivyobaki ndani ya seli vinabanana, na mbano huo ndio ninaotaka uutazame.

Hatua ya 1: Myeyuko. Pima gramu 27 za sukari ya mezani, yeyusha katika maji kidogo, kisha ongeza maji mpaka ufike mililita 100. Umepata takriban moli 0.8 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli). Ukikosa sukari, gramu 3 za chumvi kwa mililita 100 zinatosha, kwa sababu chumvi ni nyepesi kwa moli na ikiyeyuka hugawanyika kuwa ayoni mbili, yaani chembe zenye chaji ya umeme.

Hatua ya 2: Ngozi. Ondoa maganda makavu ya kitunguu. Kwenye gamba bichi, rangi ya zambarau iko upande wa nje, uliobinuka. Upande wa ndani hauna rangi, na wengi hukosea hapo. Chora mraba mdogo kwa wembe, uubandue kwa kibano. Ikitoka nene, itupe ubandue nyingine.

Hatua ya 3: Anza na maji. Weka ngozi kwenye tone la maji juu ya slaidi, funika, tazama kwa lenzi ya 10 kisha ya 40. Chagua seli moja, uichore. Rangi imejaa mpaka ukutani.

Hatua ya 4: Badilisha maji. Dondosha myeyuko ukingoni mwa kifuniko, na upande wa pili gusisha karatasi ya kunyonya ili iuvute upite chini. Rudia mara mbili au tatu. Usiisogeze slaidi, usije ukaipoteza seli yako.

Hatua ya 5: Tulia utazame. Baada ya dakika chache utando, ule unaofunika seli kwa ndani ya ukuta wake mgumu, unaachana na ukuta. Nafasi iliyobaki katikati si hewa. Ni myeyuko wako wa sukari, kwa kuwa ukuta wa seli huupitisha.

Sasa angalia rangi. Imekolea! Anthosianini, yaani ile rangi ya zambarau, iliyomo kwenye vakuoli (mfuko mkubwa wa maji ndani ya seli) haikuongezeka hata chembe. Maji ndiyo yamepungua. Saitoplazimu, ute unaozunguka vakuoli, nayo hupoteza maji vivyo hivyo, ila protini zake hazina rangi ya kukuonyesha. Fikiria uji unaokauka jikoni: unga ni uleule, lakini mwiko unazidi kuwa mzito. Ndani ya bakteria Escherichia coli kuna gramu 300 hadi 400 za molekuli kubwa, hasa protini na RNA (molekuli inayobeba maagizo ya kutengeneza protini), kwa kila lita, hata kabla ya dhiki yoyote. Maji yakipungua zaidi, molekuli hutembea polepole na nyingine hushikamana.

Seli hailali. Hamira, ambayo nayo ni seli hai, ikikutana na chumvi hufunga mlango wa utando unaoitwa Fps1, ambao gliseroli hupitia ikitoka nje, na protini ya Hog1, ambayo njia yake ya kupeleka ishara ndani ya seli ilielezwa mwaka 1993, huisukuma hamira itengeneze gliseroli zaidi. Gliseroli ni glisirini ileile ya dukani. Ikijaa ndani, maji hurudi. Kwa seli za wanyama, utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kitu kinachonifurahisha kila nikikifundisha: protini ya WNK1 huhisi mbano wenyewe. Molekuli zikisongamana, WNK1 hujikusanya kuwa matone ndani ya sekunde chache, kisha huamsha mnyororo unaoingiza ayoni, na maji huzifuata.

Hatua ya 6: Rudisha maji. Kitunguu chako hakipati muda wa kujiokoa hivyo, basi kisaidie wewe. Vuta maji safi chini ya kifuniko kama ulivyovuta sukari. Seli hai itajaa tena na rangi itapauka. Ukichelewa mno, baadhi ya seli hazitarudi.

Hatua ya 7: Linganisha. Chovya kipande kingine cha ngozi kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha rudia hatua ya 4. Utando umeharibika, rangi imevuja, na hakuna kinachojikunja. Weka mchoro wa seli hiyo kando ya ule wa kwanza, na uandike dakika kwenye kila mmoja.