Paka wa ndani: choo kule, chakula huku
Ukifuga paka ndani, usiweke choo chake karibu na sahani ya chakula. Paka hapendi kula huku ananusa kinyesi, na akisusa, mara nyingi anasusa choo. Utakuja kukuta mkojo nyuma ya kochi.

Choo si lazima ununue dukani. Beseni pana la plastiki linatosha, mradi liwe fupi, mtoto wa paka au paka mzee aingie bila kuruka. Mimina mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha sentimita 5 hivi, apate kuchimba na kufukia. Maranda ya seremala nayo yanafaa, ila yatasambaa hadi kitandani. Kanuni ni beseni moja kwa kila paka, na moja la ziada. Kwa chumba na sebule hapo najua ni mtihani. Basi kwa paka wawili weka hata mawili, ila yasikae pamoja, maana paka mbabe huziba njia.

Zoa kila siku. Vijidudu vya toksoplasma, vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka na vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huhitaji siku 1 hadi 5 baada ya paka kunya ndipo viweze kuambukiza, kwa hiyo ukizoa mapema unaviwahi. Mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Beseni lioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Dawa ya klorini ikikutana na mkojo hutoa hewa kali inayokaba koo.

Sisimizi wakivamia chakula, weka bakuli katikati ya sinia lenye maji kidogo.