Kutambua Mtutu wa Damaski wa Kweli na Ule wa Kuchorwa

Mikindani na Lindi bado zipo familia zilizohifadhi bunduki za kale walizorithi kwa babu zao, na swali ninaloulizwa zaidi ni kama mawimbi yanayoonekana kwenye mtutu ni ya chuma cha Damaski au ni urembo wa juu tu. Jibu halipatikani kwenye upande unaong'aa, bali mahali palipofunikwa na mti.

Mtutu wa kweli ulitengenezwa kwa fito za chuma laini na za feleji, yaani chuma kigumu, zilizofuliwa pamoja katika moto, zikasokotwa kama kamba, kisha zikazungushwa kwenye nondo na kuunganishwa kwa nyundo. Liège, nchini Ubelgiji, ilikuwa mji mkubwa wa kazi hiyo katika karne ya 19. Mtutu wa kuiga ni bomba la chuma cha kawaida ambalo mchoro wake ulihamishwa au kuchomwa juu kwa asidi, nao hauzidi unene wa ngozi.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mwenye silaha ana leseni na kwamba silaha ni tupu. Bunduki ya kukunja hufunguliwa na chemba zikatazamwa. Kwa gobore, ingiza taratibu ufito mnyoofu wa mti hadi ugote, weka alama penye mdomo wa mtutu, kisha uutoe na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha yake ikiishia mbali na tundu la moto, yaani kitundu cha nyuma kinachopitisha moto hadi kwenye baruti, huenda ndani kuna baruti ya miaka mingi. Acha kazi hapo na uwaarifu polisi.

Hatua ya pili ni kutazama kwa kioo cha kukuzia. Kwenye mtutu wa kweli, mikanda huzunguka mshazari kama ukindu kwenye kikapu, na baina ya mkanda na mkanda huonekana mstari wa kiungo. Mchoro wa kuiga mara nyingi hujirudia kwa usawa kupita kiasi, au hukatika ghafla karibu na ukanda unaounganisha mitutu miwili. Hata hivyo, usitoe hukumu kwa macho peke yake, kwa sababu hewa yetu ya chumvi hula mchoro wa kweli mpaka ukafifia kabisa.

Hatua ya tatu ndiyo inayoamua. Ondoa mti wa mbele, kisha chagua sehemu ya chini ya mtutu, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, mbali na mihuri. Isugue kwa msasa laini wenye mafuta mpaka chuma kiwe cheupe, kisha ifute kwa spiriti. Miaka ya mwanzo niliwahi kusugua mtutu mzima wa mzee mmoja kabla ya kupima, na mchoro wote ukaondoka usirudi tena. Ulikuwa wa kuchorwa, lakini ulikuwa kumbukumbu ya baba yake. Tangu hapo sizidishi ukubwa wa ukucha.

Vaa glavu, upake kwa pamba kloridi ya feri iliyozimuliwa, ile wanayotumia mafundi wa elektroniki kuchonga bodi za saketi, na usubiri dakika moja au mbili. Vyuma viwili haviliwi na dawa kwa kiwango kimoja, kwa hiyo mchoro wa kweli hurudi wenyewe, na ukipitisha ukucha utahisi mikwaruzo midogo. Bomba la kawaida hubaki kijivu kitupu. Ukiona mistari ya mshazari isiyo na mawimbi ndani yake, huo ni mtutu wa fito zilizozungushwa tu bila kusokotwa, ambao si Damaski na wala si wa kughushi. Osha kwa maji yenye magadi, kausha vizuri, kisha paka mafuta ya cherehani.

Muhuri wa herufi ELG ndani ya duara la yai, uwe na taji au usiwe nalo, unaonyesha kwamba mtutu ulipimwa nguvu Liège. Taji liliongezwa mwaka 1893. Muhuri huo hauthibitishi kwamba mchoro ni wa kweli.

Mtutu ukishathibitika kuwa wa kweli, mweleze mwenyewe kwamba haufai kwa risasi za kisasa zisizotoa moshi, kwa kuwa ulitengenezwa wakati wa baruti nyeusi na kutu inaweza kuwa imejificha katikati ya viungo vyake, mahali ambapo kioo cha kukuzia hakifiki.