Dari ya zamani: msikimbilie kuibomoa
Wenye nyumba za zamani hapa Tanga, kabla fundi hajapandisha ngazi kushusha dari, pimeni kwanza kama ina asbesto, yaani madini ya nyuzinyuzi yaliyokuwa yakichanganywa kwenye vifaa vya ujenzi. Kwa macho haijulikani, ni maabara tu. Vumbi lake hukaa mapafuni, na saratani yaweza kujitokeza hata miaka 30 baadaye. Kama bado nzima, heri muiache, muipake rangi bila kuikwangua.

Ikibidi ishuke, tafuteni wenye ujuzi na vifaa. Ilowe kwa maji yenye sabuni kidogo, misumari ing'olewe taratibu, vipande vishuke vizima. Msumeno na ufagio mkavu ni mwiko, na barakoa ya kitambaa haikingi. Watoto walale kwa bibi. Mabaki yafungwe kwenye nailoni nene. Waulizeni NEMC, baraza la taifa la mazingira, pa kuyapeleka.