Benki ikisimamishwa: ya kuandaa mapema kuhusu amana na taarifa zako

Tarehe 2 Agosti 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuwa imechukua usimamizi wa Bank M. Sababu ilikuwa ukwasi: benki haikuwa na fedha za kutosha za kuwalipa watu waliokuwa wanadai. Bodi na menejimenti zikasimamishwa, akateuliwa Meneja Msimamizi, na huduma za kibenki zikasitishwa kwa muda usiozidi siku 90. Mfanyabiashara aliyeshika hundi ya benki ile alibaki nayo mkononi, na mwajiri aliyeweka humo fedha za mishahara alilazimika kwenda kukopa pengine. Mwezi Januari 2019 ndipo ilipotangazwa kwamba mali na madeni ya benki hiyo yanahamishiwa Azania Bank.

Naanza na mfano huo kwa sababu wengi wetu tunafikiria benki kufa kama jambo la siku moja, milango inafungwa halafu fidia inatolewa. Haiendi hivyo. Kusimamishwa ni kipindi, na ndani ya kipindi hicho pesa yako haijapotea, lakini huenda usiweze kuigusa. Bima ya amana, yaani mfuko unaowalipa wateja benki inapofilisika, haiingii hapo. Bodi ya Bima ya Amana hulipa pale leseni inapofutwa na benki kuwekwa chini ya ufilisi, kama ilivyokuwa tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilipofuta leseni za benki tano kwa mpigo kwa upungufu wa mtaji: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wananchi Meru, na Benki ya Wakulima Kagera. Kama benki haijafutiwa leseni bali imesimamishwa tu, unasubiri. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa la kujiuliza leo, benki yako ikiwa wazi na salama, ni hili: nikikaa miezi mitatu bila kugusa akaunti hii, nitakula nini, wafanyakazi nitawalipa na nini, ada ya watoto itatoka wapi?

Jibu la kawaida ni akaunti ya pili kwenye benki nyingine, yenye angalau matumizi ya mwezi mmoja au miwili. Sisemi uhamishe kila kitu. Nasema usiwe na mlango mmoja. Pesa iliyoko kwenye simu inasaidia pia, ila kumbuka kwamba njia ya kuvuta kutoka benki kwenda kwenye simu hukatika pamoja na benki yenyewe, hivyo kilichokuwa upande wa benki kinabaki huko huko.

Kiwango cha kinga ya bima hiyo nacho kifahamike. Tanzania kilikuwa Sh1,500,000 kwa miaka mingi, na mwaka 2023 kikapandishwa hadi Sh7,500,000 kwa mteja mmoja katika benki moja. Kenya, Shirika la Bima ya Amana lilikuwa likilinda Sh100,000 hadi Julai 2020, sasa ni Sh500,000 za Kenya. Kinachozidi hapo hakifutwi, lakini unakisubiri mufilisi, yaani aliyeteuliwa kufunga hesabu za benki, auze mali zake na kukusanya mikopo yake, na hiyo ni kazi ya miaka. Vikundi viangalie hapa kwa makini. Kikundi chenye wanachama 30 na akaunti moja kwa jina la kikundi kisidhani kwamba kinga inazidishwa mara 30. Mwekahazina aiulize benki kwa maandishi, apate jibu kwa maandishi, na alisome mbele ya wanachama kabla hawajaendelea kuweka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi, na ambalo watu hulipuuza: kumbukumbu. Benki ikisimamishwa, hakuna anayekujua kwa sura. Yule dada wa dirishani aliyekuwa akikuita kwa jina hana tena mamlaka ya kukulipa. Anayelipa, awe mufilisi au benki iliyopewa kazi hiyo, anaangalia orodha iliyotoka kwenye mfumo na kitambulisho ulichoshika. Nairobi mwaka 2015 ilikuwa hivyo hivyo: Imperial Bank iliwekwa chini ya usimamizi tarehe 13 Oktoba, na ilipofika Desemba wateja wakaruhusiwa kuchukua hadi Sh1,000,000 za Kenya, lakini kupitia benki nyingine mbili, KCB na DTB, yaani kwa watu ambao hawakuwahi kuwaona wateja hao. Ukiwa mbele ya mtu wa namna hiyo, karatasi ndiyo inayokuongelea.

Tuseme mama mmoja alifungua akaunti miaka mingi iliyopita kwa kitambulisho cha mpiga kura, na kwenye fomu kukaandikwa Fatuma S. Mohamedi. Kitambulisho chake cha NIDA kinasema Fatma Saidi Mohamed. Namba ya simu iliyoko kwenye akaunti ni ya laini aliyoitupa, na saini ya wakati ule ilikuwa ya kijana, siku hizi anaandika kwa mkono mwingine kabisa. Siku za kawaida hayo yote yanapita kwa sababu tawini wanamfahamu. Siku ya malipo ya ufilisi anatafutiwa kiapo cha mahakamani au kwa wakili, barua ya serikali ya mtaa, na anarudishwa nyumbani huku foleni ikisonga. Kusahihisha jina hilo leo ni kwenda tawini asubuhi moja na kitambulisho. Nenda. Hakikisha jina lote, namba ya NIDA, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, anwani, na saini vinalingana. Kama laini unayotumia imesajiliwa kwa jina la mtoto au mume, rekebisha hilo kwanza.

Baada ya hapo weka ushahidi wako nje ya benki. Programu ya benki iliyosimamishwa inaweza isifunguke kabisa, na taarifa ya akaunti uliyozoea kuiangalia kwenye simu ikawa haipatikani. Pakua taarifa ya akaunti kila mwezi, ihifadhi kwenye barua pepe yako, na mara moja kwa robo mwaka chapisha nakala. Mwenye amana ya muda maalumu atunze cheti chake halisi. Mwenye mkopo atunze mkataba, risiti za marejesho, na kama ameweka rehani, nakala ya hati na barua ya benki inayokiri kuishika hati hiyo. Benki ikihama mikono, majalada ya rehani husafirishwa kutoka tawi hadi tawi, na kila safari ni nafasi ya kitu kupotea.

Hapo ndipo suala la taarifa binafsi linapoingia. Fikiria benki inajua nini juu yako: picha, alama za vidole, saini, mahali unapofanya kazi, mshahara, nani alikudhamini, nani ndugu wa karibu, umenunua nini na wapi. Amana ina mfuko wa bima. Taarifa hazina. Zikivuja hakuna bodi itakayokurudishia, na kipindi cha kusimamishwa ni kipindi kibaya kwa siri za wateja, kwa sababu wafanyakazi hawajui hatima yao, makandarasi wa mifumo wanadai malipo, na viongozi waliokuwa wakiwajibika wametolewa ofisini.

Kwa wanaofanya kazi ndani ya benki, matayarisho yao yafanyike wakati mambo yakiwa mazuri. Iwepo orodha inayosomeka ya nani anaingia kwenye mfumo upi na kwa ruhusa gani, ili Meneja Msimamizi akifika siku ya kwanza aweze kufunga milango isiyohitajika na kubadili nywila za wasimamizi wa mfumo bila kubahatisha. Iwepo nakala kamili ya kumbukumbu za wateja, iliyojaribiwa kurejeshwa. Mikataba na kampuni za kutuma ujumbe mfupi, za kadi na za kuhifadhi data iseme wazi kwamba kampuni hizo haziruhusiwi kuzishikilia taarifa za wateja kama dhamana ya deni. Majalada ya karatasi yahesabiwe. Nimeona ofisi nyingi zinazolinda kompyuta kwa bidii huku nakala za vitambulisho vya wateja zikiwa kwenye maboksi chini ya ngazi, na hilo linaniumiza kila ninapoliona.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ilitunga ya kwake mwaka 2019, nayo inamtaka anayeshika taarifa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kujua kwamba zimevuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika. Kusimamishwa kwa benki hakuzimi sheria hizi. Taarifa zako zinaweza kupita kwa msimamizi, kwa mufilisi na kwa benki inayonunua, kwa kuwa bila hizo huwezi kulipwa. Lakini kazi ya taarifa hizo ni hiyo tu. Benki mpya ikitaka kuzitumia kukutangazia bima na mikopo, una haki ya kuikataza. Ukikuta wamekuandika vibaya, una haki ya kudai marekebisho. Ukidhurika kwa uvunjaji wa sheria, unaweza kudai fidia. Andika barua fupi ukiuliza unachotaka kujua: mmepokea taarifa zangu zipi, kutoka kwa nani, mnazitumia kwa kazi gani, na nani mwingine amepewa. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Matapeli wanazijua siku za benki kusimamishwa kuliko sisi. Tangazo la Benki Kuu likitoka asubuhi, jioni simu zinaanza kupigwa. Sauti ya upole inakusalimia kwa jina lako kamili, inataja tawi lako, inasema inapiga kutoka ofisi ya mufilisi: “Mama, tunahakiki wateja ili uingie kwenye awamu ya kwanza ya malipo. Utapokea ujumbe wenye namba sita, nisomee.” Namba hizo sita ni ufunguo wa akaunti yako nyingine, ile iliyoko kwenye benki ambayo bado iko wazi au ya simu. Wengine wanaomba ada ya kuharakisha faili. Uhakiki wa kweli hutangazwa hadharani na Benki Kuu au Bodi ya Bima ya Amana, na hufanyika kwenye ofisi iliyotajwa, ukiwa umebeba kitambulisho chako. Hakuna ada ya kulipwa amana yako mwenyewe, na hakuna afisa anayehitaji namba yako ya siri. Mwambie mzee wako na msichana wa dukani maneno hayo leo, kwa sababu siku ya tukio watakuwa na hofu, na mwenye hofu hujibu kila anachoulizwa. Pia msiweke taarifa za akaunti zenu kwenye makundi ya WhatsApp. Siku za taharuki watu hupiga picha kadi na taarifa za akaunti na kuzituma kwenye kundi la wateja wenzao kuuliza “na yako inasomaje?”, na ndani ya kundi hilo hamjuani.

Kuhusu mkopo niseme kwa ufupi: haufi pamoja na benki. Leseni ya benki ikifutwa, deni lako linakuwa mali inayokusanywa na mufilisi au benki iliyolinunua, na ukiacha kulipa utaandikwa kwenye kumbukumbu za wakopaji. Lipa kwenye akaunti iliyotangazwa rasmi tu. Miezi michache baadaye omba ripoti yako ya mikopo na uangalie kama mkopo ulioumaliza umeandikwa umekwisha, na kama ule mmoja uliobaki haukuandikwa mara mbili, mara kwa jina la benki ya zamani na mara kwa jina la mpya.

Kuna na programu za mikopo za kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Programu ya namna hiyo ikizimwa hakuna Meneja Msimamizi anayekwenda kuhesabu kumbukumbu zake, na orodha ya watu wote walioko kwenye simu yako imeshachukuliwa siku ulipobonyeza “ruhusu”. Kabla ya kupakua, angalia leseni. Ukishamaliza deni, ondoa ruhusa za majina, picha na ujumbe kwenye mipangilio ya simu, kisha ndipo uifute.

Kusubiri kunaweza kurefuka. Wateja wa Chase Bank ya Kenya, iliyofungwa tarehe 7 Aprili 2016, walifunguliwa milango mwishoni mwa mwezi huo huo chini ya usimamizi wa KCB, lakini ilikuwa Agosti 2018 ndipo SBM, benki yenye asili ya Mauritius, ilipochukua sehemu ya benki, na amana zilizohusika zikahamia kwake kwa asilimia 75. Uganda, Crane Bank ilichukuliwa na Benki Kuu Oktoba 2016 na kufikia Januari 2017 ilikuwa mikononi mwa benki ya dfcu, matawi yakiwa yanaendelea kufanya kazi. Huwezi kujua mapema wewe utaangukia wapi.

Na kwa kuwa huenda ikawa miaka, familia ijue akaunti zipo wapi. Kuandikwa kama ndugu wa karibu kwenye fomu ya benki hakumfanyi mtu kuwa na mamlaka ya kuchukua fedha za marehemu. Atahitaji kuteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, na mufilisi atamdai barua hiyo pamoja na cheti cha kifo na uthibitisho wa akaunti. Andika kwenye karatasi moja jina la benki, tawi na aina ya akaunti, bila namba za siri, uiweke pamoja na vyeti vya nyumbani, na umwambie angalau mtu mmoja kwamba ipo.